Mwanga Haukufika Mguuni kwa Deo

Faida mwanangu,

Sikuulizi hali, maana nakusikia hapo nje unamsaidia mama yako kuanua nguo, na kicheko chako kinanifikia humu ndani. Kesho saa kama hii utakuwa Mbarara. Habari za blanketi, za chakula, za kanisa la kusali na watu wa kujihadhari nao mjini, mama yako amekwisha kukuambia, na hata nikirudia sitamfikia. Mimi nina jambo jingine. Tangu siku ile ya simu hatujaongea vizuri mimi na wewe; tunasalimiana kama majirani. Haya nimejaribu kuyasema kwa mdomo mara mbili, na mara zote mbili nikaishia kukuuliza kama umekula. Kwa hiyo nayaandika.

Nianze na lililo wazi. Ulinisaliti. Sitafuti neno laini zaidi, kwa sababu maneno laini ndiyo yaliyotufikisha hapa, kama utakavyoona. Wiki tatu zilizopita simu yangu iliita, nikapokea, nikasikia sauti ya mwanamke niliyekuwa nimeapa kutoisikia tena. Alinisalimia kwa heshima, kisha akasema kwa kile Kiswahili chake, "Mzee Wilondja, mimi naomba kusema na Faida. Barua yake ya kukubaliwa maabara imetoka." Nikakupa simu. Ukanigeuzia mgongo, ukaongea Kiingereza kwa haraka, ukacheka kidogo, na katika kile kicheko nikaelewa kwamba mmezoeana, wewe na Dokta Kyomugisha, na kwamba mlikuwa mmeandikiana kwa muda mrefu. Katika watu wote wa nchi hii ulimchagua huyo. Na ulikuwa umekaa nami meza moja muda wote huo, ukinisikiliza nikimlaani.

Habari yake unaijua, lakini unaijua kama nilivyoisimulia hapa kijijini Rubondo. Nusu yake sikuisimulia kwa mtu yeyote, hata kwa mama yako.

Unakumbuka kazi yangu ya ukalimani pale kituo cha afya. Sikuisomea. Kule kwetu Fizi, kabla ya kukimbia vita, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Hapa kambini Nakivale nilijikuta na Kiswahili, Kibembe, Kifaransa cha shuleni, Kirundi cha majirani na Kiingereza nilichookota njiani, wakanipa kiti karibu na muuguzi. Yeye anasema, mimi nasema baada yake. Mwanzoni nilikwenda neno kwa neno. Kisha siku moja mama mmoja Mrundi alileta mtoto mwenye homa kali, na muuguzi, ambaye alikuwa hajakaa chini tangu asubuhi, akasema nimwambie huyo mama kwamba ni mzembe, mtoto amelala nyumbani siku nne. Yule mama akawa ananitazama usoni, anangoja. Nikamwambia kwamba muuguzi anasema pole kwa safari, na siku nyingine akimwona mtoto hivi amlete mapema. Mama akashukuru sana. Muuguzi akaona ameshukuriwa, na yeye akalainika, akamshika mtoto kwa upole. Nilirudi nyumbani nikijiona nimepatanisha koo mbili.

Basi nikaanza kutia sukari. Kidogo tu, hapa na pale. Nikisikia "hakuna dawa" nasema "dawa iko njiani". Nikisikia "sijui" nasema "watachunguza". Watu wakawa wanasema kwamba Mwalimu Wilondja akikutafsiria unapona nusu kabla ya kupewa kidonge, na mimi nilipenda kusikia hivyo kuliko nilivyokubali. Kwa hiyo kosa langu halikuanza siku aliyokuja Dokta. Lilianza siku niliyoshukuriwa kwa neno ambalo hakuna aliyelisema.

Sasa Deo. Wewe umemzoea akiwa na magongo. Mimi namkumbuka akiwa na miguu miwili, amebeba miti begani. Tulipofika hapa, wewe ukiwa mgongoni kwa mama yako, tulipewa kiwanja cha majani na turubai moja. Deo alikuwa ametangulia kutoka Burundi, nyumba yake ilikuwa imekwisha kusimama. Hakutujua. Yeye Mkatoliki, sisi Waprotestanti. Lugha yetu ya nyumbani haisikii. Alikuja na panga, akaniuliza, "Mutalala ndani ya hii majani?" Kabla sijajibu akaanza kukata. Siku tatu alijenga nasi. Mkewe Spesi ndiye aliyemwonyesha mama yako saa ya kwenda kisimani kabla foleni haijawa ndefu. Mbegu za kwanza za maharage tulizopanda zilitoka kwao.

Deo alijikata na jembe, juu ya unyayo, akilima shamba la ndizi la Mnyankole mmoja, mwenyeji wa nchi hii, upande wa Isingiro. Kidonda kidogo. Akakifunga na kitambaa, akaendelea kulima. Kikavimba. Kituoni wakampa vidonge, kikakauka juu, kikarudi chini kwa chini. Wakampa vidonge vingine. Akanunua na vya dukani. Miezi ikapita, na mguu ukawa unatoa harufu ambayo Spesi aliificha kwa kuchoma majani ya mikaratusi ndani ya nyumba. Hatimaye muuguzi akamwandikia karatasi ya kwenda hospitali kubwa Mbarara. Wiki hiyo hiyo ndipo Dokta Kyomugisha alipofika.

Alikuja na wanafunzi wawili na sanduku la barafu. Watu wenye vidonda visivyopona tuliwakusanya kanisani kwetu, na mimi nikasimama kando yake. Ulikuwepo, ulikaa dirishani na sare yako ya shule. Simnyimi haki yake: alieleza vizuri. Alisema bakteria walio ndani ya vidonda vyetu wamekwisha kuzijua dawa, kila dawa inayowakosa inawaachia akili. Kwa hiyo huko maabara wao wanatengeneza chembe za polima, ndugu yake plastiki lakini ya aina yake, ndogo kiasi kwamba ukizitia ndani ya maji huzioni. Gizani zimelala tu, hazimdhuru mtu wala mdudu. Ukiziangazia taa zinaunywa ule mwanga, zinaichokoza oksijeni iliyo karibu nazo, na hiyo oksijeni inageuka kali, inamtafuna bakteria ukuta wake mpaka anatoboka. Na kwa kuwa anatafunwa kila upande kwa wakati mmoja, ni vigumu kwake kujifunza kujikinga. Nilitafsiri yote hayo bila sukari, maana yenyewe yalikuwa matamu.

Ndipo Deo akainua mkono. Mguu wake ulikuwa juu ya kigoda, umefungwa kwa kitenge cha Spesi. Akauliza, "Hiyo taa inaponesha?"

Nikalipeleka swali. Dokta akajibu kwa Kiingereza, polepole, kama mtu anayetaka lifike: bado tunajaribu ndani ya kioo, kwa kidonda cha mtu hatujui. Akaongeza kwamba leo wanachukua usaha kidogo tu kwa pamba, wakawajaribu hao bakteria kwa mwanga. Na kwa kila mtu atakayekubali, baada ya mwezi mmoja ataleta majibu: una bakteria gani, na katika dawa zilizopo tayari hospitalini, ni ipi wanayoiogopa.

Hayo ndiyo aliyosema. Nayaandika hapa kwa mara ya kwanza kama alivyoyasema.

Nikamgeukia Deo. Alikuwa amejiinua kidogo kwenye benchi. Spesi alikuwa ameshika mkono wake mbele ya watu, jambo ambalo Warundi wa umri wao hawafanyi. Nikafungua mdomo, nikasema, "Anasema atapima kidonda chako, na akirudi mwezi ujao ataleta ile taa ikuponeshe."

Ni sentensi moja. Haikuchukua muda wa kumeza mate. Deo akashusha pumzi, watu wakaanza kupiga makofi, na foleni ya kutia sahihi ikafika mpaka nje ya kanisa. Wasiojua kuandika wakapiga dole gumba. Nilimwona Dokta akinitazama. Nilidhani ananishukuru kwa kazi.

Siku chache baadaye Deo alikuja hapa nyumbani na ile karatasi ya muuguzi ameikunja mara nne. Mama yako alimpa kiti. Akaniuliza, "Mwalimu, niende Mbarara ao ningoje?" Faida, mtu anaweza kuishi miaka mingi akitoa mashauri na lisibaki hata moja la kukumbukwa. Mimi nilitoa moja la neno moja. Nikasema, "Ngoja."

Akangoja. Mwezi ukaisha. Nilipiga namba aliyoniachia Dokta, ikaita bila kupokelewa. Nikaandika ujumbe. Mwezi wa pili nikamwambia Deo kwamba labda barabara, labda mvua. Mwezi wa tatu mguu ukawa mweusi hadi kwenye kifundo, naye akaanza kuongea na marehemu mama yake mchana kweupe. Tulimpakia kwenye boda, mimi nimeketi nyuma nimemshikilia kifuani, hadi barabarani kulikokuwa na gari. Mbarara wakasema mfupa umeoza. Walimkata chini ya goti.

Sehemu inayofuata ndiyo niliyoisimulia kwa sauti kubwa miaka yote hii, na hata hii niliisimulia kwa kuchagua.

Kesho yake baada ya kukatwa, Deo akiwa amelala, nilitoka nikaenda kuitafuta maabara. Niliulizauliza mpaka nikalipata jengo. Mlinzi akaniambia nikae kwenye korido. Ukutani walikuwa wamebandika karatasi kubwa za kazi zao, zenye picha na michoro, na mimi kwa mazoea ya ualimu nikaanza kusoma. Ya tatu ilikuwa na picha ya mguu. Haikuwa na jina. Lakini kidole kidogo cha mguu ule kilikuwa kimepinda juu ya mwenzake, na ile kona ya kitenge iliyobaki kwenye picha nilikuwa nimeiona ikianikwa kwenye kamba ya Spesi. Ulikuwa mguu wa Deo. Chini yake picha mbili za sahani za kioo. Ya kwanza imejaa madoa meupe, imeandikwa kwamba hapakuwa na mwanga. Ya pili safi kama maji. Maandishi yalisema kwamba bakteria waliotoka katika kidonda hiki walikufa karibu wote walipoangaziwa.

Nilisoma mara tatu. Wamekufa. Walikufa hapa, katika jengo hili, kwenye kioo, huku mimi nikimwambia mwenye mguu kwamba labda ni mvua. Na mguu wenyewe ulikuwa umekatwa jana, ng'ambo ya barabara.

Dokta akatokea na koti lake jeupe. Alinitambua mara moja. Nilimwambia yote kwa Kiingereza changu kibovu, sikutaka anisaidie na Kiswahili. Uso wake ulibadilika nilipofika kwenye msumeno. Akasema majibu yaliandikwa, yakatiwa kwenye faili, na mwanafunzi aliyepaswa kuyaleta alimaliza masomo akaondoka. Yeye alidhani yalifika. Alidhani. Hakuwahi kuuliza. Nikamwambia kwamba ameua mguu wa mtu kwa kudhani, na kwamba aliwaahidi taa.

Hapo akaacha Kiingereza. Akasema, "Mzee, taa mimi sikuahidi. Mimi nilisema tunajaribu. Wewe ndio uliwaambia watapona."

Nikamuuliza kama siku ile alisikia.

"Nilisikia. Kiswahili nasikia kuliko navyosema."

"Kwa nini hukunisahihisha?"

Alitazama ile picha ukutani, kisha akasema, "Walikuwa wameanza kutia sahihi."

Niliondoka bila kuaga. Sasa unaelewa kwa nini chuki yangu kwake ilikuwa kali hivyo. Alivunja ahadi yake ya kweli, ile ya majibu, na alinufaika na ahadi yangu ya uongo. Alinitumia kama daraja, na alijua daraja limepinda. Sijamsamehe, na sikuombi msamaha kwa hilo. Lakini katika korido ile tulikuwa wawili wenye kosa, na niliyerudi na jina lake Nakivale alikuwa mmoja tu.

Niliporudi watu walinizunguka. Nikawaambia Dokta ametudanganya. Aliahidi taa, akachukua usaha wetu akaenda kujipatia sifa. Wakaamini, kwa nini wasiamini? Deo alipotoka hospitali nilimwambia hivyo hivyo, nimekaa ukingoni mwa kitanda chake. Akanishika mkono. Akasema, "Mwalimu, na weye bakakudanganya pamoja na siye. Usijitese." Nikamwacha aushike mkono wangu.

Tangu hapo, Faida, kila mavuno ya maharage Deo ametuletea debe la kwanza. Umeyala. Umemwona akija na magongo yake, mwanawe mkubwa amelibeba debe kichwani, na umemwona baba yako akimpokea, akimpa kiti, akicheka naye. Unadhani kwa nini nilikuwa naondoka upesi kwenda kuangalia mbuzi? Kukaa na mtu anayekuhurumia kwa jambo ulilomtenda ni kazi, na mimi niliifanya miaka mitano. Na kila nilipohisi uzito, nilimlaani Dokta kwa nguvu zaidi, mezani, mbele yako.

Ndiyo maana simu ile iliniumiza vile. Nilikufokea. Nilisema umekwenda kula na mtu aliyekata mguu wa Deo. Wewe ulisimama pale karibu na mtungi, hukulia. Ukaniambia ulikuwa na miaka kumi na sita ulipomwandikia mara ya kwanza, na kwamba hukumwandikia kwa kumpenda. "Nilimuuliza kwa nini hakurudi," ulisema. "Njo akanijibu." Ukaniambia alijibu baada ya mwezi mzima, barua ndefu, na mwisho wake aliambatisha majibu ya Deo. Ukaingia chumbani ukaja na ile karatasi ya majibu, umeichapisha mjini, umeitia katikati ya daftari la bayolojia.

Niliisoma mbele yako, ukaniona nikiisoma. Jina la bakteria. Orodha ya dawa. Mbele ya vidonge vyote alivyokuwa amemeza Deo imeandikwa kwamba haviwezi. Na mbele ya sindano moja imeandikwa kwamba inaweza. Sindano ya kawaida, Faida. Ilikuwepo Mbarara siku zote zile. Kama ningesema "nenda" badala ya "ngoja", wangempima huko, labda wangeiona wenyewe. Hapakuhitajika taa.

Kisha ukaniuliza lile swali. "Baba, bale bakteria balikufa kwa mwanga. Ni kweli ao si kweli?"

Nikasema ni kweli, niliona kwa macho.

"Basi mi nataka kujua namna ya kuleta ule mwanga mupaka ku mguu. Hapa kwetu. Na nani mwengine ataleta?"

Nikatoka nje. Nilikuwa na hasira na wewe, na chini ya hasira nilikuwa na hofu. Barua yake ndefu kwako sikuiomba kuisoma. Sijui kama alikuambia nilichosema kanisani. Wiki tatu nimekuangalia usoni nikitafuta kama unajua. Ukinipa chai nafikiri unajua. Ukiniita Baba nafikiri hujui. Nimechoka kukuchunguza mwanangu mwenyewe kama askari wa mpakani. Ikiwa unajua, basi ulinificha kwa huruma, kama Deo, na huruma hiyo siitaki tena. Ikiwa hujui, basi umejulia hapa.

Sikutumi uende ukanisafishe. Nenda kwa sababu uliyeuliza lile swali ni wewe, na lina akili kuliko hasira yangu. Mwanga hauingii ndani sana ya nyama, nilisikia akisema hivyo siku ile na nikalipita, halikuwa tamu. Mtahangaika nalo. Wengine watakuonyesha sahani safi na utafurahi, na ni haki yako kufurahi, mdudu aliyekaidi dawa zote amekufa. Ila kila sahani ilichotwa kwa mtu. Yule mwanafunzi aliyesahau faili hakuwa mtu mbaya. Nilimwona siku ile kanisani akimfunga Deo kitambaa kipya kwa mikono ya upole. Alimaliza masomo tu, akaenda zake.

Na siku utakayosimama mbele ya watu, mtu akakuuliza kama inaponya, na jibu likawa hatujui, waachie hilo hatujui. Watanuna. Foleni itakuwa fupi. Mimi niliwanyang'anya, nikawapa langu, kwa sababu nilitaka nipendwe saa ile.

Leo mchana, mlipokwenda kanisani kuagwa, mimi nilisema kichwa kinauma. Nilikwenda kwa Deo.

Nilimkuta uani, yeye na Spesi wanapukuchua maharage kwenye turubai. Sikukaa kwenye kiti nilichopewa. Nilimwambia yote niliyokuandikia, kuanzia kanisani hadi karatasi iliyo kwenye daftari lako, hadi sindano. Nilisimama kama mtoto anayesoma shairi darasani. Spesi aliacha kupukuchua mapema. Deo aliendelea, ganda baada ya ganda, mpaka nilipomaliza.

Akaniambia nirudie maneno ya Dokta, kwa Kirundi, kama yalivyokuwa. Nikayarudia: bado tunajaribu ndani ya kioo, kwa kidonda cha mtu hatujui.

"Njo hayo tu?"

"Hayo tu."

"Ni madogo," akasema. Aliweka mkono chini ya goti lake, pale mguu unapoishia. "Ningaliyabeba, Mwalimu. Nimebeba makubwa kuliko hayo kutoka kwetu mpaka hapa. Uliona sitayaweza?"

Safari hii sikutengeneza jibu. Spesi akainuka, akachukua kile kiti ambacho sikukikalia, akakirudisha ndani ya nyumba. Nikajua nimeambiwa niende. Nilikuwa nimefika kwenye ua wa mihogo Deo aliponiita. Hakuniita Mwalimu, aliniita kwa jina.

"Wilondja. Faida anaenda kesho?"

Nikasema ndiyo, asubuhi.

"Umutume apite hapa kwanza. Abebe ile karatasi, aje anisomee. Aje yeye peke yake. Weye usimusindikize."

Kwa hiyo kesho tutaagana hapa mlangoni, mimi na wewe, na begi lako atalibeba mama yako hadi kwenye boda. Pitia kwa Deo. Msomee karatasi yake kama ilivyoandikwa, pamoja na sindano, usiruke mstari. Akikuuliza jambo usilolijua, mwambie hulijui. Sijui atakuambia nini. Pengine atakulaani kwa ajili yangu, pengine atakuonyesha mguu. Chochote atakachosema ni chenu, usiniletee habari zake kwa simu. Nitakuwa hapa ndani, na kutoka dirishani petu uani kwake hapaonekani.

Mimi baba yako,
Wilondja